Machipukizi ya Choroko Katika Nyumba ya Eda

Dada yangu Rabia alifariki mwezi wa Shaabani mwaka 2007, mjini Ruangwa, akiwa na miaka arobaini na sita. Mwenyezi Mungu amrehemu. Waliokuja kuhani walikuwa wengi kuliko tulivyotazamia, na wengi wao hawakuwa ndugu. Walikuwa makondakta, makarani wa halmashauri, walimu na wanunuzi wa ufuta, watu waliokuwa wakila kwenye banda lake karibu na kituo cha mabasi ya Lindi. Dua ilipokwisha walikaa kwenye majamvi wakizungumza taratibu, na mimi nikipita na birika la chai niliwasikia wakirudia jambo moja. Walikuwa wanataja kachumbari yake.

Banda la dada lilipika vilevile kama mabanda mengine: wali, maharage, samaki wa kukaanga, ugali kwa anayetaka. Tofauti ilikuwa kwenye kisahani cha pembeni. Wenzake waliweka nyanya na vitunguu. Yeye aliweka nyanya na vitunguu vichache, na juu yake rundo la majani madogo sana, mengine hayazidi ukucha, yenye vijiti vyeupe vinavyolia mtu akitafuna. Yalikuwa machipukizi ya choroko na mchicha ambao haujafikisha wiki mbili.

Mgeni aliyekiona kisahani hicho mara ya kwanza hakukosa la kusema. Nakumbuka kondakta mmoja alikisogeza mbali kwa kidole akauliza, "Mama, hiki umenipa mimi au ulikuwa umewawekea vifaranga wako?"

Dada akamjibu bila kugeuka kutoka jikoni, "Vifaranga wangu wakila hicho wanakua majogoo. Wewe jaribu, huenda ukawika."

Benchi zima likacheka, naye akala. Kesho yake alirudi.

Namna ya kutengeneza haikuwa siri. Choroko aliziloweka tangu jioni mpaka alfajiri, akazimwaga kwenye ungo juu ya kitambaa kibichi, akafunika kwa kitambaa kingine na kunyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya nne zilikuwa zimetoa mkia mweupe na vijani viwili. Mchicha aliupanda kwenye karai bovu lenye mchanga na samadi iliyooza, karibu na dirisha, akaukata kwa kisu ungali urefu wa kidole. Mchuzi wa juu ulikuwa ndimu mbili, chungwa moja lililoiva vizuri, ufuta uliokaangwa na kutwangwa mpaka utoe mafuta, chumvi, na pilipili mbichi kwa anayeiweza. Hakumwagia mpaka mlaji awe amekaa na kunawa. Alisema majani machanga yakikutana na ndimu hayamsubiri mtu.

Watu walidhani alijifunza kwa masista wa misheni au kwenye semina ya lishe. Nimewasikia wakisema hivyo hata msibani, sikuwakatiza. Lakini ningependa watoto wake na wajukuu wajue yalikotoka majani yale, kwa sababu nilikuwapo. Yalianza Marambo, wilaya ya Nachingwea, mwaka 1998, dada akiwa ndani ya eda.

Mume wake, Mikidadi, alikufa mwanzoni mwa Mei kwa homa ya siku nne. Alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, mtu mpole mwenye kupenda mzaha. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na kwa wakwe zetu eda ilikuwa eda kweli: hatoki kwenda shamba wala kisimani, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake huzungumza naye kwa kutenganishwa na pazia. Mama yetu alinituma kutoka kwetu Likunja nikakae naye mpaka amalize. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, sina kazi, na nilikwenda kwa moyo mmoja.

Watoto wa dada walikuwa Likunja kwa mama yetu, na nyumba ile ilikuwa na mtu wa tatu. Bi Mwanne, mama yake marehemu, aliishi chumba cha nyuma. Alikuwa amezaa watoto sita akabakiwa na wawili, Mikidadi na binti yake Zaina, aliyeolewa hapohapo kijijini na nyumba yake ilitazamana na yetu, katikati uwanja tu. Sasa alibakiwa na Zaina peke yake.

Wiki ya tatu baada ya maziko Bi Mwanne aliacha kula. Hakusema kuwa ameacha. Alipelekewa ugali, akashika tonge moja, akalirudisha. Uji alikunywa vijiko viwili. Mwezi wa Juni ulipoingia mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu mikorosho ilianza kupuliziwa salfa, dawa ya kukinga maradhi. Asiyekaa kwetu hajui salfa ilivyo. Mashine zinanguruma tangu alfajiri, unga wa manjano unapanda juu ya mikorosho kama ukungu, halafu unashuka kila mahali: kwenye kisamvu, kwenye majani ya kunde na maboga, kwenye kanga zilizoanikwa. Ukiosha mboga mara tatu bado unaihisi kooni. Bi Mwanne alinusa kila chakula akasema kinanuka salfa, akageukia ukutani.

Mganga wa zahanati alikuja akampima, akasema hana ugonjwa ila lazima ale, la sivyo hatamaliza mwezi. Bangili zake zilikuwa zinateleza mkononi, akazifunga kwa uzi.

Dada alijua nini kinamngoja. Mume amekufa ndani ya nyumba ile mwezi wa Mei. Mkwe naye akifa Julai, nani asingesema? Tayari Zaina alikuwa ameanza kuuliza majirani kwa nini kaka yake alikufa upesi vile, na alikula kwa nani jioni ile ya mwisho. Lakini nasema ninayoyajua: kilichomtoa dada machozi kwenye sala zake hakikuwa maneno ya Zaina. Alimpenda mama yule. Alikuwa ameolewa msichana mdogo, na Bi Mwanne ndiye aliyemfundisha kupika.

Siku moja nilikuwa nafagia pembeni ya mtungi wa maji, ndani ya nyumba, nikakuta choroko zilizomwagika zamani zimeota kwenye unyevu. Nilitaka kuzizoa. Dada akanizuia, akaokota moja, akaipangusa na kuitafuna. Akaokota ya pili akanipa mimi. Ilikuwa na utamu kidogo, yenye maji, na haikuwa na salfa hata chembe, kwa sababu haikuwahi kutoka nje.

"Hafidha," akaniambia, "shamba tumeliona."

Hivyo ndivyo alivyoanza na ungo. Siku ya nne akachukua chungwa, maana machungwa yalikuwa yameiva, akalikamua pamoja na ndimu, akatia ufuta na chumvi, akachanganya na konzi moja ya machipukizi. Bi Mwanne alinusa kwa muda mrefu. Kisha akachukua kidogo kwa ncha za vidole vitatu. Akatafuna kwa meno ya mbele, maana ya nyuma hayakuwapo, akachukua tena. Alikula mara tano, nilihesabu. Safari hii hakugeukia ukutani.

Kuanzia hapo tulilima ndani ya nyumba kama watu wengine wanavyolima bondeni. Dada aliongeza mchicha kwenye karai. Kila siku Bi Mwanne alikula kisahani, kwanza asubuhi tu, baadaye na jioni. Chakula kizito bado alikikataa. Dada alisema tusimharakishe, mradi mdomo umefunguka.

Baada ya wiki mbili choroko za kwenye chungu cha jikoni zilikwisha. Hapa ndipo kosa lilipotokea, na kosa lilikuwa langu.

Kwetu choroko na kunde za kula huchanganywa na majivu ili zisibunguliwe. Za mbegu, mwenye uwezo huzitia dawa ya ghala, unga mweupe unaofanana na majivu yaliyochekechwa. Kwenye uchaga wa nyumba ile kulikuwa na madebe mawili. Sikujua kwamba yalikuwa tofauti. Dada naye hakujua, kwa sababu marehemu alizoea kuweka nafaka mwenyewe. Nilipanda, nikafungua lililokuwa karibu, nikaona weupe, nikasema majivu. Kama ingekuwa mwezi mwingine labda pua ingeniambia, lakini kwa salfa ile pua zetu zote zilikuwa zimekufa. Nikaziosha, nikaziloweka, asubuhi nikazimwaga kwenye ungo mpya.

Kila asubuhi sisimizi walikuwa wanakuja kunywa maji pembeni ya ungo, na dada aliwafukuza kwa kanga. Siku ya pili alikuta wamelala kando ya ungo, wamekufa, mstari mzima. Alikaa akawatazama. Akainusa mikono yake, akaninusisha, wala hatukunusa kitu ila salfa. Kisha akaniambia niziondoe zote, nichimbe shimo refu nyuma ya jiko, nizifukie, na ungo wenyewe niuchome. Ungo wenye machipukizi mazuri ulikuwa bado upo, pamoja na mchicha wa karai, na hayo ndiyo aliyomwandalia Bi Mwanne siku ile.

Ungo niliuchoma. Lakini ardhi ya kiangazi nyuma ya jiko ilikuwa ngumu kama sakafu, na shimo nililochimba halikufika hata kiwiko. Nikaziba kwa udongo nikaukanyaga, nikaona yatosha. Kuku wa Zaina hawakuona hivyo.

Kesho yake saa nne Zaina alivuka uwanja akiwa ameshika kuku watatu kwa miguu, wamekufa. Hakuja peke yake. Alikuwa na Mzee Swalehe, mdogo wake Bi Mwanne, ambaye ndiye mjomba wa marehemu, na kwa desturi ya ukoo yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho. Walifuatwa na majirani wawili wanawake. Zaina akawalaza kuku kizingitini, mmoja mmoja, akakaa chini. Mzee Swalehe akawekewa kigoda. Dada alikuwa sebuleni nyuma ya pazia, mimi pembeni yake. Hakuweza kutoka, hakuweza hata kuwaonyesha uso wake wautazame.

Zaina alizungumza kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililonitisha. Alieleza kwamba kuku wake wamefukua choroko zilizotupwa na nyumba hii, wakala, wakafa. Kisha akaliuliza pazia.

"Wifi, kuku wamekula choroko za kwenye ungo wako wamekufa. Mama yangu humo ndani anakula nini?"

Mzee Swalehe akakohoa. "Mkwe, umesikia maneno haya?"

"Nimesikia, baba," dada akasema. "Choroko zile zilikuwa na dawa ya ghala. Tulichukua debe silo. Nilipojua, zikafukiwa. Mama hajaonja hata moja."

"Nani aliyechukua debe?"

Mungu anisamehe, niliinamisha uso nikautazama mkeka. Dada akanishika goti.

"Nyumba ni yangu, baba. Niliyechukua ni mimi."

Zaina akasema kwamba choroko za nyumba hii siku zote zina majivu, kijiji kizima kinajua, na kaka yake hakuwahi kununua dawa ya ghala kwa sababu mwaka ule korosho zilichelewa kulipwa. Alisema lile la dawa limezuka leo, baada ya kuku kufa. Mzee Swalehe akawauliza majirani kama kuna aliyemwona Mikidadi akitia dawa. Hawakumwona. Akamuuliza dada kama yeye alimwona. Dada angeweza kusema ndiyo. Akasema hapana, hakumwona, amejua kwa sisimizi.

Mzee hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amemzika mpwa wake na sasa anatazama kuku watatu kizingitini. Alisema kwa upole kwamba ili maneno yasizidi, ingekuwa heri mjane akamalizie eda kwao Likunja, na Bi Mwanne ahamie kwa binti yake. Sote tulijua maana yake. Mjane akirudishwa kwao katikati ya eda, hakuna atakayeuliza sababu. Watajijibu wenyewe, na jibu hilo litamfuata mpaka kaburini. Na Bi Mwanne kwa Zaina angepewa ugali na kisamvu, angegeukia ukutani.

Dada hakulia. Alisema, "Kama ndivyo mlivyoamua, baba, naomba Zaina aje kwanza nimwonyeshe ungo, ajue namna ya kumpa."

Ndipo tuliposikia mlango wa chumba cha nyuma. Bi Mwanne alikuja akishika ukuta, hatua moja halafu anapumzika. Alikuwa hajatoka chumbani kwa miguu yake tangu Mei. Alinipita, akampita dada, akasogeza pazia, akakaa kwenye kizingiti karibu na kuku. Alizungumza Kimwera, mimi naandika kwa Kiswahili.

"Mimi nilimwona," akasema.

"Ulimwona nani, dada?" Mzee Swalehe akauliza.

"Mikidadi. Dawa alipewa na mwenzake, kopo lililobakia. Mimi ndiye niliyemshikia debe. Akaniambia, mama, geuza uso, usivute unga huu. Yeye akajifunga kanga yangu puani mpaka hapa. Nikamcheka. Nikamwambia, ulivyo hivyo unafanana na bibi harusi. Naye akaanza kutembea kibibi harusi, na debe mkononi, kule uani."

Tangu maziko hakuwa ametamka jina la mwanawe mbele yetu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda hatukujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote viwili.

Alipotulia akaniita nimletee kisahani chake cha asubuhi, maana walimkatiza. Nikakileta. Akakiweka mapajani, mbele ya mdogo wake, mbele ya Zaina na majirani, akaanza kula kwa vidole.

Mzee Swalehe akainuka nusu kwenye kigoda. "Dada, unakula?"

"Kwani unaniona nafanya nini?"

Akatafuna kwa meno yake ya mbele, bila haraka, sisi wote tukimtazama mdomo. Akameza. Akatazama kisahani akakunja uso. "Ndimu imepungua," akasema.

Mkono wa dada ukatokea pembeni ya pazia, umeshika nusu ya ndimu. Bi Mwanne akaipokea akaikamua. Mzee Swalehe akakaa tena kigodani. Akasema kuku hao wafukiwe mbali, na shimo achimbe mwanamume. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yake. La Likunja hakulitaja tena, siku ile wala nyingine.

Zaina hakuomba radhi. Aliwachukua kuku wake akavuka uwanja. Lakini kesho yake alikuja na kibaba cha choroko kutoka kwake, zenye majivu. Aliingia ndani, akakaa mbele ya dada, akachagua mbili akazitafuna kavu huku anatutazama, ndipo akatukabidhi. Dada akamkaribisha chai, akainywa.

Baada ya siku chache nilipata ujasiri nikamwambia Bi Mwanne kwamba aliyechukua debe ni mimi. Akasema analijua hilo. Rabia, akasema, tangu awe mjane hajapanda hata kitandani bila kuguna, angepandaje uchagani?

Ijumaa iliyofuata, dada akiwa ametoka kuswali adhuhuri na bado yuko juu ya msala, Bi Mwanne alimwita kutoka chumbani akamuuliza kama unga upo. Akajibiwa upo. Akasema basi asonge ugali, mdogo, laini, na kama kuna dagaa akaange. Majani ayaweke kwenye kisahani pembeni.

Dada alikwenda jikoni, akabandika maji, akatia unga. Tangu Mikidadi afe sikuwa nimemwona akilia nje ya sala. Alianza kusonga, na machozi yakawa yanamwagika bila sauti, akiyazuia kwa bega ili yasiingie chunguni, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye mwiko. Ugali ulikuwa unakaza. Nikamwondoa taratibu, nikaushika mwiko mimi, naye akakaa chini kwenye kibao cha kukunia nazi, akakamua ndimu.